Wakalmiki wa New Jersey na Wazanzibari wa Maskati

Mwaka 1951 serikali ya Marekani ilikuwa na kesi ya ajabu mezani: je, Mkalmiki ni Mwasia au Mwulaya? Wakalmiki ni Wamongolia wa magharibi ambao katika karne ya 17 walihama na mifugo yao hadi mto Volga, wakawa raia wa Urusi bila kuiacha dini ya Budha. Baada ya mapinduzi ya 1917, waliopigana upande ulioshindwa walikimbia. Baadhi yao walifika Belgrade, wakafungua hekalu mwaka 1929. Vita Kuu ya Pili ikawaacha kwenye kambi za wakimbizi Ujerumani. Nyumbani hakurudiki: Desemba 1943 Stalin alikuwa amewapakia ndugu zao kwenye mabehewa na kuwapeleka Siberia.

Sheria za Marekani za siku hizo ziliwabana watu wenye asili ya Asia. Hoja iliyowaokoa ni kwamba waliokaa Ulaya karne tatu ni Waulaya, sura zao ziwe zozote. Ndipo mia kadhaa wakaingia, wengi wakatua Freewood Acres, New Jersey, na Philadelphia.

Sisi tunao wa kuwalinganisha nao: Wazanzibari wa Maskati. Hao walikimbia mapinduzi ya 1964, na mlango wa Oman ukafunguka hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo. Nao waliulizwa habari za babu: ukoo gani, kabila lipi. Mkalmiki alipokewa kwa kuwekwa mbali na asili yake. Mzanzibari kwa kuisogelea yake, hata kama hajawahi kuiona. Kwangu, swali la pili lina heshima zaidi, ingawa asiyekuwa na kabila la kutaja hawezi kukubaliana nami.

Mkalmiki akikukaribisha siku ya Tsagan Sar, sikukuu ya kuupokea msimu mpya baada ya baridi, atakupa chai ya maziwa yenye chumvi na siagi, pamoja na bortsog: unga uliokandwa, ukakatwa kwa maumbo, mengine ya mifugo, ukakaangwa. Mla mandazi hatapotea hapo, akishaisamehe ile chumvi.

Maskati nako mandazi yapo, na taarabu harusini. Lakini msikiti wa Mzanzibari ndio wa jirani yake. Kinachomtambulisha ni Kiswahili, ambacho hakikuhitaji jengo wala mfadhili. New Jersey mambo yalikwenda kinyume. Geshe Wangyal, mtawa Mkalmiki aliyesomea Tibet, alifika mwaka 1955, na mwaka 1958 akaanzisha monasteri ambayo Wamarekani nao walikuja kusomea, akiwemo Robert Thurman, baba wa mwigizaji Uma. Dini ikastawi, lugha ikadhoofika. Si ajabu: sala zenyewe husomwa kwa Kitibeti, na mtoto aliyezaliwa New Jersey akitoka hekaluni alicheza kwa Kiingereza.

Tunda kubwa la jamii hiyo ndogo ni Telo Tulku Rinpoche, aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1972 na kupelekwa utotoni kusoma utawa India. Mwaka 1992 Wakalmiki wa Urusi walimfanya kiongozi wao mkuu wa dini. Januari 2023 serikali ya Urusi ilimtangaza kuwa wakala wa kigeni, naye akajiuzulu.