Redio ya Kijapani ilivyofunzwa Kikipsigis

Mwaka 2025 ilitimia miaka 75 tangu Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, afike Kapkatet, Kericho, mwaka 1950, na mashine yake ya kunasa sauti. Wasichana wa Kikipsigis walimwimbia Chemirocha, jina walilompa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemfahamu kupitia santuri. Sauti hizo zimehifadhiwa Afrika Kusini, na nakala zimerudishwa Kapkatet. Ni haki ya wenyeji. Lakini huku Soin, chini kwenye joto na miwa, mashine nyingine ya kigeni, redio ya gari, ilifunzwa lugha yetu, na waliofanya kazi hiyo hawajaandikwa popote nilipotafuta.

Redio ya gari yenyewe ni ya zamani: Motorola waliiuza Marekani kuanzia 1930, kaseti ikaja miaka ya 60, matatu zikafunga spika kubwa, na Februari 2004 sheria za waziri wa uchukuzi John Michuki zikaanza kuzibana.

Kisa chetu kinaanza na magari yaliyotumika kutoka Japani, hasa Toyota Probox, iliyotoka kiwandani 2002. Kwa masafa ya kati redio yake haikuwa na shida. Kwa FM ilikuwa karibu kiziwi: Japani ilitumia megahezi 76 hadi 90, Kenya hutumia 87.5 hadi 108. Wakati Kass FM na Chamgei FM zilipokuwa zikizungumza Kikalenjin, ambacho Kikipsigis ni lahaja yake, majumbani, mwenye gari alisikia mvumo mtupu.

Mafundi wa redio, na ndio niliowasikiliza zaidi kwa makala haya, wanaanzia hapo. Walipachika ekspanda, kidude kidogo kati ya waya wa antena na redio, kinachoshusha masafa. Ekspanda ya megahezi 12 huleta stesheni ya 99 kwenye namba 87. Ila dirisha la redio halipanuki. Ukiweka ya 12 unapata 88 hadi 102, na za juu zote zimekwenda. Ukiweka ya 18 unapata 94 hadi 108, na za chini zimepotea. Hapo ndipo ugomvi ulipozuka: dereva ana stesheni yake, mwenye gari ana yake, abiria wa kiti cha mbele naye ana yake, na fundi ndiye anayelaumiwa.

Wengine waling'oa redio nzima wakaweka nyingine. Waya wa manjano hutoka kwenye betri moja kwa moja, mwekundu hufuata ufunguo. Fundi asiye makini akizibadilisha, stesheni zote hufutika kila gari likizimwa. Na zile zenye skrini, betri ikitolewa tu, hudai namba ya siri kwa Kijapani. Kuzifungua ni ujuzi, nasi tunaulipa kama kazi ya kubadilisha balbu.

Sasa simu huunganishwa kwa bluetooth, na ekspanda zinatupwa pamoja na vyuma chakavu. Ningependa moja ipelekwe Kapkatet, ikae kando ya nakala za Tracey.