Tulikula intaneti kikoa: Neno la jikoni linalostahili kurudi

Kabla ya mkonga wa TEAMS kufika Mombasa Juni 2009, na ule wa SEACOM kuanza kazi Julai mwaka huohuo, wengi wetu hapa Malindi tulipata intaneti kwa waya wa simu ya mezani. Kasi haikuzidi kilobiti 56 kwa sekunde, na kadiri ulivyokaa hewani ndivyo ulivyolipa. Nyumba yenye kompyuta nne na laini moja ilikabiliwa na swali: nani aingie sasa?

Jibu lililetwa na Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka wa 1991 na unaopatikana bila malipo. Kompyuta kuukuu, ambayo haikufaa kazi nyingine, iliwekewa Linux ikafanywa lango: upande mmoja modemu, upande wa pili kompyuta za nyumbani. Hizi za ndani zilipewa anwani za faragha, mathalani zinazoanza kwa 192.168, ambazo tangu 1994 zimetengwa kwa matumizi ya ndani kwa ndani. Ombi likitoka, lango hufuta anwani ya ndani na kuandika yake. Jibu likirudi, hutazama daftari lake likajua ni la nani. Mabingwa wa Linux waliita ufundi huo kuvaa kinyago. Nje inaonekana sura moja. Ndani mna wanne.

Je, tendo hili tuliliitaje kwa Kiswahili? Vijana walisema, “Tunashea neti.” Wengine walisema kugawana, wengine kushiriki. Lakini hebu tazama. Mkigawana muhogo, kila mmoja huondoka na kipande chake. Ukishiriki harusi, humpunguzii mwenzako furaha. Laini yetu haikuwa hivyo. Watatu wakinyamaza, wa nne aliichukua kasi yote; wote wakiamka, kila mmoja alibaki na kilobiti 14 hivi. Na bili ililipwa kwa mchango.

Wazee wetu walikuwa na neno: kikoa, yaani chakula ambacho watu hula pamoja, kila mmoja akitoa chake au kwa zamu. Sisi tulikula intaneti kikoa.

Siku hizi wataalamu wa TEHAMA wamelipa neno hilo maana nyingine: “jina la kikoa”, kama lile linaloishia kwa .ke. Sigombani nao. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice Desemba 2004, ulithibitisha kwamba kompyuta yaweza kusema Kiswahili. Ninachohofia ni maana mpya kuimeza ya kale, hadi mwanafunzi akisikia kikoa awaze tovuti tu, asijue sahani.

Ilhali tendo lenyewe halijafa. Simu za Android zina Linux ndani yake, na kijana anayeomba, “Niwashie hotspot,” anaomba lango na kinyago kilekile. Mwenye bando atakayejibu, “Karibu kikoa, lakini kesho zamu yako,” atakuwa amesema Kiswahili, na atakuwa amesema kweli.