Kabla ya chemko

Mlimani Park Orchestra wana wimbo uitwao "Majirani Huzima Redio". Kisa kimo ndani ya jina: nyumba ina ugomvi usiokwisha, na kila mke na mume wanapoanza kurushiana maneno, majirani huzima redio zao wasije wakapitwa. Ni kichekesho na ni aibu kwa wakati mmoja, na yeyote aliyewahi kupanga chumba kwenye nyumba ya Uswahilini, ambako ukuta haufiki darini, anajua kwamba mtunzi hakuokota kisa hiki hewani. Watu wameucheza wimbo huu kwa miaka mingi, wengine wakiwa wamekumbatiana na mtu yule yule waliyegombana naye asubuhi.

Kila kizazi kina watu wanaoshikilia kwamba muziki wa kucheza hauhitaji maneno. Mwenye kiu ya maneno mazito, wanasema, akasikilize taarabu au akasome mashairi. Dansi ni jasho. Tanzania ni mahali pagumu pa kuishindia hoja hiyo. Hapa muziki uliochukua jina lenyewe la dansi ndio uliokuwa ukieleza, wiki baada ya wiki, mambo ya talaka, ulevi, mirathi, msiba, na mtoto aliyekwenda mjini akasahau kwao.

Haukuanza hivyo. Katika miaka ya baina ya vita viwili vikuu, dansi lilikuwa starehe ya vijana wa mjini waliovaa suti na kujifunza kucheza wawili wawili kwa mtindo wa Kizungu. Dar es Salaam Jazz Band inahesabiwa kuanza mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Wakati huo santuri za mfululizo wa GV zilikuwa zimeleta muziki wa Kuba, nao ukapendwa kupita kiasi. Bendi zetu ziliiga magitaa, zikaiga mapigo, zikaiga hata Kihispania, lugha ambayo mwimbaji hakuijua wala wasikilizaji wake hawakuijua. Hapo mwenye hoja ya jasho angeshinda bila taabu, maana maneno yalikuwa ala nyingine tu jukwaani. Salum Abdallah wa Morogoro aliipa bendi yake jina la Cuban Marimba, jambo linaloonyesha mapenzi yake yalikuwa wapi; lakini ni yeye pia aliyeonyesha kwamba mapigo ya Havana yanaweza kubeba Kiswahili fasaha, cha mapenzi na cha siasa ya Uhuru. Alifariki katika ajali ya gari mwaka 1965, umaarufu wake ukiwa bado unapanda.

Mambo mawili yaliyafanya maneno yawe na uzito baada ya Uhuru. La kwanza ni mshahara. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na ikawa mfano kwa wengine: polisi wakawa na bendi, jeshi likawa na bendi, kiwanda cha nguo cha Urafiki, shirika la bima, shirika la mabasi la UDA, umoja wa vijana wa chama tawala. Ala zilikuwa mali ya shirika na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na ingawa mshahara wenyewe haukuwa wa kujivunia, ulimwezesha mtunzi kukaa na wimbo mpaka ukaiva.

La pili ni redio, na hapa ndipo penye utamu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Kazi hiyo ilifanyika Nairobi, na mwaka 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Kwa bendi ya Dar es Salaam, mlango mkubwa uliobaki ni studio ya Radio Tanzania, Barabara ya Pugu. Na kabla ya bendi kuingia studio, maneno ya wimbo yalipelekwa yakiwa yameandikwa, kamati ikayapitia. Hebu fikiria: muziki wa kuserebukia kumbi za pombe, na maneno yake yanasomwa na maofisa waliokaa mezani, kimya, hakuna gitaa wala tumba ya kuyapamba. Ubeti uliokuwa mtupu ulionekana mtupu.

Sisemi hivi kuisifu kamati. Iliwabana watunzi, na nyimbo za kusifu kampeni za serikali zilipita kwa wingi, nyingi zikiwa hazina ladha na leo hazikumbukwi na mtu. Lakini kubanwa kuliwarudisha watunzi kwenye jambo ambalo watu wa pwani na bara walilijua zamani, nalo ni fumbo. Wimbo ukamlaumu mpenzi asiyetimiza ahadi, na kila msikilizaji akachagua mwenyewe ni mpenzi gani. Mwingine alisikia mke, mwingine alisikia meneja wa kampuni, mwingine alisikia mtu mkubwa zaidi ambaye hatajwi.

Redio ilifanya zaidi ya kuchuja. Iliupa wimbo wa dansi maisha mawili. Mchana uliingia majumbani, ukasikika kwa mama anayechambua mchele, fundi cherehani na askari wa zamu, wote wamekaa na wote wanasikiliza maneno. Usiku, au wikiendi, ulikutana na wale wale ukumbini, sasa wakiwa wamesimama. Maneno walikuwa wameshayahifadhi. Kwa hiyo anayesema mtu hawezi kusikiliza maneno huku anacheza anasema kweli tupu. Ila anasahau kwamba mchezaji wa ukumbi wa DDC Kariakoo au Magomeni Kondoa hakuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza.

Na umbo la wimbo lenyewe lilijengwa kwa ajili ya maisha hayo mawili. Gitaa la solo linafungua, rithim na besi vinaingia taratibu. Waimbaji watatu au wanne wanasimama kwenye maikrofoni, mmoja anaongoza ubeti na wenzake wanampokea. Mwisho wa kila ubeti saksafoni na tarumbeta zinajibu kana kwamba nazo zina maoni. Wachezaji wanasogea hatua ndogo ndogo. Sehemu hii ni ndefu, na ndiyo ya kisa: nani kamfanyia nani nini, na barua imesema nini. Kisha mambo yanageuka. Tumba inapanda, solo inaanza kuzunguka pale pale, maneno yanapungua hadi kubaki kibwagizo na majina ya wanamuziki na ya mashabiki. Wanamuziki huiita sehemu hiyo chemko. Aliyekuja kwa ajili ya jasho analipata hapo, na aliyekuja kwa ajili ya kisa amekwisha kupewa chake.

Hakuna walioiweza kazi hii kama Mlimani Park wenyewe, Sikinde, iliyoanza mwaka 1978 na baadaye kuchukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka walitoka Msondo, yaani ile NUTA Jazz ya zamani, na ushindani wa bendi hizo mbili ukawa kama wa Simba na Yanga. Cosmas Chidumule alitunga na kuimba, Michael Enoch aliwanyoosha wapulizaji. Tazama tu majina ya nyimbo: "Barua Kutoka kwa Mama", "Nawashukuru Wazazi Wangu", "Nalala kwa Tabu". Haya si majina ya kumnyanyua mtu kitini, na bado watu walinyanyuka.

Wengine walikuwa na njia zao. Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, na Dar International yake, alikuwa msimulizi kwanza na mwimbaji baadaye. "Zuwena" na "Mwanameka" ziliacha majina ya wanawake ambayo watu waliyazungumzia kama ya majirani. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz waliimba "Dr. Kleruu", kumlilia mkuu wa mkoa wa Iringa aliyeuawa Isimani siku ya Krismasi mwaka 1971. Nairobi, Les Wanyika, bendi yenye mizizi ya Tanga, ilitoa "Sina Makosa", ambamo mwimbaji anamhoji bwana aliyemkasirikia kwa sababu ya mwanamke: ikiwa kila mmoja wetu ana wake nyumbani, chuki hii ya nini? Kesi ngumu hiyo, imewekwa juu ya moja ya nyimbo tamu kuliko zote za kucheza zilizowahi kutoka Afrika Mashariki. Hakimu hajapatikana hadi leo, na harusini wimbo bado unapigwa, bila mtu kujiuliza unafaa au haufai.

Halafu kuna Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaiongoza Super Matimila. Wengi walificha, Remmy alisema. Katika "Kifo" anakisemesha kifo chenyewe, ana kwa ana, akikishutumu kwa kukosa huruma. "Mnyonge Hana Haki" haina fumbo hata kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukimwi ulipokuwa ukiitwa kwa majina ya pembeni, alitoa "Mambo kwa Soksi", akiwataka wanaume watumie kondomu. Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Ukaishi ukumbini na kwenye kaseti, na safari hiyo mambo yakawa kinyume: wimbo ulianza kuchezwa usiku, kisha watu wakaenda nao nyumbani kuyatafakari maneno. Kituo cha basi Sinza kilichochukua jina lake bado kinaitwa kwa Remmy.

Remmy huyo huyo anampa mpinzani wangu hoja yake bora. Kupitia matamasha ya WOMAD na albamu zilizotolewa na Real World ya Uingereza, alicheza mbele ya Wazungu wasiojua Kiswahili, nao walicheza vizuri tu. Walichopata kilikuwa nusu ya pili ya wimbo. Hiyo nusu inajitosheleza, sikatai.

Miaka ya 1990 redio binafsi zilianza. Radio One ilikuja 1994. Mashirika ya umma yaliyolipa wanamuziki yalikuwa hoi au yameuzwa. Kutoka Kinshasa na Paris ulikuja mtindo wa kuiwahi chemko mapema, na marapa wa kuita majina na kuamuru mitindo ya kucheza. FM Academia na Twanga Pepeta walijaza kumbi kwa njia hiyo, ingawa Twanga hawakuacha visa kabisa. "Kisa cha Mpemba" na "Jirani" ni ushahidi. Maneno mazito yalihamia kwa vijana wa kizazi kipya. "Ndio Mzee" ya Profesa Jay, yenye mgombea anayeahidi kila kitu na umma unaoitikia kila kitu, ilipigwa disko na ilijadiliwa vijiweni, na wazee wa dansi waliokuwa wakisema vijana hawana ujumbe walipaswa kuitambua damu yao.

Sasa kuna singeli, iliyochipuka Tandale, Manzese na mitaa ya jirani, kwa kasi inayozidi mapigo 200 kwa dakika. Humo hamna sehemu ya taratibu. Wimbo mzima ni chemko, na juu yake mwimbaji anamwaga maneno kama dalali wa mnadani: kodi ya pango, marafiki wanafiki, mashemeji, kama "Hainaga Ushemeji" ya Man Fongo. Kwenye kigodoro, ngoma ya mtaani ya usiku kucha, yanayosikika ni machache. Lakini nyimbo hizo hizo zimo kwenye bajaji na kwenye simu kesho yake, na vijana wanazijua neno kwa neno. Mashabiki wa Sikinde wanaosema singeli haina maneno wamewahi kuisikia wakiwa wamesimama tu, au wakiwa kitandani, usingizi umekataa na spika ziko mtaa wa tatu. Waisikilize wakiwa wamekaa, mchana. Nyimbo nyingine zitawaangusha, kama ambavyo nyimbo nyingi za kampeni zilizopitishwa na kamati ya Barabara ya Pugu zingewaangusha leo.