Goti Baada ya Upasuaji: Njia Ndefu ya Kurudi Majini

Leo tunazungumza nawe uliyefanyiwa upasuaji wa goti na unatamani kurudi majini. Pengine wewe ni mwogeleaji wa bwawani. Pengine hushindana kwa mashua za tanga kule Lamu, hupiga kasia ziwani, au huteleza juu ya mawimbi kwa ubao kule Diani. Swali lako ni moja: nitarudi lini?

Wengi hujijibu wenyewe. Kidonda kimefunga, mikongojo imerudishwa, na maji, wanasema, ni laini, hayana ugumu wa uwanja wa mpira. Basi hujitosa. Kabla hujajitosa, tutazame kidogo historia ya upasuaji huu, kwa maana ina onyo ndani yake. Kwa zaidi ya miaka 100 madaktari wamefupisha karibu kila kitu: urefu wa kidonda, siku za kulazwa, muda wa kuvaa plasta. Kitu kimoja hawajaweza kukifupisha, nacho ni muda ambao mwili unahitaji ili kukijenga upya kile kilichotengenezwa ndani ya goti.

Kwanza tulifahamu goti lenyewe. Mfupa wa paja na mfupa wa muundi hukutana hapo, nayo mifupa hiyo hufungwa pamoja na mikanda migumu iitwayo ligamenti. Mbili kati ya mikanda hiyo ziko katikati kabisa ya goti, nazo hupitana kama msalaba. Ile ya mbele ndiyo huzuia muundi usichomoke kwenda mbele na goti lisiyumbe unapogeuka ghafla. Kati ya mifupa hiyo pia kuna pedi mbili za gegedu zenye umbo la mwezi mchanga. Hizi huitwa meniski, na kazi yake ni kupokea uzito na mshtuko. Ligamenti ya mbele na meniski ndizo hupelekea wanamichezo wengi kwenye chumba cha upasuaji.

Ligamenti za msalaba zimejulikana tangu zamani. Galen, tabibu wa karne ya 2 aliyewatibu wapiganaji wa viwanjani kule Pergamon, aliandika habari zake. Lakini kujua ni jambo moja na kutibu ni jingine. Mwaka 1850 daktari James Stark wa Edinburgh, Uskoti, alieleza habari za wagonjwa wawili waliokatika ligamenti hizo. Tiba aliyokuwa nayo ilikuwa kulifunga goti lisitikisike, na kungoja.

Mwaka 1883, katika mji huohuo wa Edinburgh, Thomas Annandale alilifungua goti la mchimba migodi na kuishona meniski iliyochanika. Mwaka 1895 Arthur Mayo-Robson wa Leeds, Uingereza, alishona ligamenti za msalaba zilizokatika katika goti la mchimba migodi mwingine, mwanamume wa miaka 41 aliyeumia machimboni. Miaka kadhaa baadaye mtu huyo alikuwa amekwisha kurudi kazini. Ona, msikilizaji, kwamba upasuaji huu haukuanza kwa ajili ya michezo. Ulianza kwa ajili ya watu waliotaka kusimama tena na kupata riziki yao.

Hata hivyo, kushona ligamenti iliyokatika hakukufaulu kila mara, kwa sababu ligamenti ya mbele huungana kwa shida. Mwaka 1917 Ernest Hey Groves wa Bristol alijaribu njia nyingine. Alichukua ukanda wa utando mgumu ulio ubavuni mwa paja la mgonjwa mwenyewe, akaupitisha ndani ya goti, ukawa ligamenti mpya. Wazo hilo ndilo tunalotumia hadi leo. Siku hizi daktari huchukua kipande cha kano, ile kamba ngumu inayoushika msuli kwenye mfupa. Mara nyingi hukitoa nyuma ya paja au chini ya kifuniko cha goti, akakipachika mahali pa ligamenti iliyokatika. Likumbuke jambo hili, kwa maana tutalirudia: unachobeba gotini ni kiraka kilichokopwa mahali pengine mwilini mwako.

Wakati huo magoti yalifunguliwa kwa kisu kirefu. Mabadiliko yalianzia Japani. Mwaka 1918 Kenji Takagi wa Tokyo alitumia chombo cha kutazamia kibofu cha mkojo kuchungulia ndani ya goti la maiti. Mwanafunzi wake, Masaki Watanabe, aliendeleza kazi hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 1962 aliondoa sehemu ya meniski iliyochanika kupitia tundu dogo. Mwaka 1980 David Dandy wa Uingereza aliitengeneza ligamenti ya mbele kwa msaada wa chombo cha aina hiyo. Tangu hapo kidonda kikawa kidogo, na mgonjwa akaweza kurudi nyumbani mapema sana.

Katika safari hiyo madaktari walijifunza somo jingine. Zamani meniski iliyochanika iliondolewa yote, kana kwamba haina kazi. Mwaka 1948 daktari T. J. Fairbank alionyesha kwa picha za eksirei mabadiliko yanayotokea katika magoti yaliyoondolewa meniski. Taratibu ikafahamika kwamba goti lisilo na pedi hiyo huchakaa mapema. Ndiyo sababu siku hizi daktari hujitahidi kuishona. Ikiwa yako ilishonwa, usishangae ukiambiwa usichuchumae wala usikunje goti sana huku ukilibebesha uzito kwa miezi kadhaa. Daktari analinda mishono.

Sasa tuyageukie maji. Katika miaka ya 1920 Charles Lowman wa Los Angeles, Marekani, aligeuza kidimbwi cha maua kuwa mahali pa mazoezi ya watoto waliopooza. Mwaka 1924 Franklin Roosevelt, aliyepooza miguu mwaka 1921 na ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani, alianza kwenda Warm Springs, Georgia, kufanya mazoezi katika maji ya uvuguvugu. Watu hawa walitumia jambo rahisi: maji hukubeba. Yakikufika kiunoni, miguu yako hubeba takriban nusu ya uzito wako. Yakikufika kifuani, hubeba takriban thuluthi. Yakikufika shingoni, ni karibu sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo mtu wa kilo 70 aliyesimama katika maji ya shingoni hubebesha miguu yake kiasi cha kilo 7 tu.

Hata hivyo, wagonjwa wengi wa goti walikaa ndani ya plasta wiki nyingi, paja likasinyaa na goti likakakamaa. Mwaka 1990 Donald Shelbourne na mwenzake Paul Nitz wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa walioanza kunyoosha goti na kulikanyagia mapema. Hawakudhurika, bali walipona vizuri zaidi. Leo mazoezi huanza ndani ya siku chache baada ya upasuaji, na kutembea ndani ya maji hufuata kidonda kikiwa kimefunga kabisa.

Na hapa, mpenzi msikilizaji, ndipo penye mtego. Kile kiraka cha kano kinapopachikwa huwa hakina mishipa ya damu iliyo hai. Mwili hukibomoa kidogo, kisha hukijenga upya kiwe ligamenti. Kati ya takriban wiki ya 6 na ya 12 huwa dhaifu kuliko siku kilipopachikwa. Lakini wakati huohuo wewe hujisikia nafuu! Maumivu yamepungua, unatembea vizuri, na nauli ya kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia inakuuma. Unaona mazoezi yamekwisha, kumbe ndani kazi ndiyo kwanza inaendelea. Hudumu mwaka mzima, au zaidi.

Mwaka 2016 watafiti wa Norway na Marekani walichapisha taarifa ya wanamichezo waliotengenezewa ligamenti ya mbele. Waliona kwamba kwa kila mwezi ambao mtu alichelewa kurudi kwenye michezo ya kuruka na kugeuka, hadi kufikia mwezi wa 9, hatari ya kuumia tena ilipungua kwa karibu nusu. Yaani kila mwezi wa subira ulikuwa na faida yake.

Tumtazame mtu wa majini hasa, John John Florence wa Hawaii, bingwa wa dunia wa kuteleza juu ya mawimbi mwaka 2016 na 2017. Mwezi wa Juni 2019 aliumia ligamenti ya goti la kulia huko Brazil, akafanyiwa upasuaji. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo alirudi mashindanoni Hawaii, akapata nafasi ya kwenda Olimpiki. Mwezi wa Mei 2021 aliumia goti la kushoto huko Australia, na mwezi wa Julai akashindana Tokyo, ambako alitolewa kabla ya kufika robo fainali. Taji lake la tatu la dunia alilipata mwaka 2024. Wewe usizihesabu wiki zake ukazifanya zako. Yeye alikuwa na madaktari na wakufunzi waliomwangalia kila siku. Chukua kutoka kwake jambo hili: taji lilisubiri miaka, nalo halikukimbia.

Basi urudi kwa utaratibu gani? Kwanza, kidonda kifunge kabisa na daktari wako akubali. Maji ya bahari na ya ziwa yana vijidudu, na ukiwa kando ya Ziwa Victoria kumbuka kichocho, ambacho hupenya hata ngozi isiyo na jeraha. Kwa hiyo anza katika bwawa safi: kutembea, kukunja na kunyoosha goti, kisha kuogelea ukipiga miguu taratibu juu na chini.

Mtindo wa kuogelea kama chura uuache hadi baadaye. Tangu mwaka 1974 madaktari wa Kanada walieleza jinsi teke lile la kutanua miguu linavyovuta ligamenti ya upande wa ndani wa goti. Kasia la kuketi linaweza kuja mapema kidogo, ila jihadhari unapoingia na kutoka chomboni. Wengi huumia kwenye ngazi yenye utelezi, kwenye mwamba, au wanaporuka kutoka mashuani hadi maji ya magotini. Mwisho kabisa ndio uje ubao wa mawimbi, ubao wa kuvutwa kwa tiara na ule wa kuvutwa kwa motaboti. Huko mguu hufungwa au hukanyaga pasipotulia, na goti husokotwa kwa nguvu.

Kwa michezo hiyo ya mwisho usiangalie kalenda peke yake. Miezi 9 iwe imepita, na pia goti linyooke lote, lisivimbe baada ya mazoezi, na nguvu ya paja ifike angalau asilimia 90 ya paja la pili. Mwambie mtaalamu akupime kwa kuruka kwa mguu mmoja. Usijipime mwenyewe kwenye mawimbi.

Na tafadhali, ukiona homa, usaha, au goti jekundu lenye joto, rudi hospitalini siku hiyohiyo. Vilevile ukivimba shavu la mguu na kuhisi maumivu, usilikande. Huenda ni damu iliyoganda, na inahitaji daktari. Na ukipungukiwa pumzi au kifua kikiuma ghafla, hiyo ni dharura, usingoje hata saa moja.

Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Nyenzo za goti lako ni mazoezi ya kila siku na subira. Kovu dogo ulilo nalo ni matunda ya kazi ya madaktari wa miaka mingi, lakini lisikudanganye kwamba na ndani nako kazi ilikuwa ndogo. Bahari itakuwepo mwakani, na ziwa pia. Likabidhi goti lako miezi yake, kisha uende ukaogelee kwa amani.