Ruta na getiwei: mashine moja, majina mawili

Ndugu zangu, kwenye testi za kazi ulizo hili linarudi kila mara: ruta na getiwei zinatofautiana namna gani? Wengi tunajibu vile tulikariri: ruta inachagua njia, getiwei inaunganisha mitandao yenye kanuni tofauti. Jibu si baya. Lakini mimi naona linaficha historia, kwani mwanzoni ilikuwa mashine moja, na jina lake lilikuwa getiwei, ile sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaita paserele.

ARPANET ilianza Marekani mwaka 1969. Kila kituo kilipewa mashine IMP, iliyojengwa na kampuni BBN, ya kupokea vifurushi vya data na kuvisukuma kwa IMP ingine. Hiyo njo babu ya ruta. Ila IMP zilijua mtandao wao tu. Kisha kukazaliwa mitandao ya redio na ya satelaiti, kila mmoja na kanuni zake na kipimo chake cha vifurushi, na hakuna mwenye alitaka kubomoa wake.

Mwaka 1974 Vinton Cerf na Robert Kahn wakaandika: mitandao ibaki vile iko, tuweke mashine mpakani. Hiyo njo waliita getiwei. Inatoa kifurushi katika bahasha ya mtandao huu, inakitia katika bahasha ya ule; kikiwa kikubwa sana, inakikata; tena inasoma anwani na kuchagua kiende wapi. Kazi ya mpaka na kazi ya njia, zote pamoja! Virginia Strazisar wa BBN njo aliandika programu ya getiwei za kwanza (darasani jina lake hatulisikii, na ni kasoro). Tarehe 22 Novemba 1977, data zilitoka ndani ya gari huko California, zikapita mitandao hiyo mitatu, zikavuka bahari mpaka London na kurudi California.

Tarehe 1 Januari 1983 ARPANET ikahamia TCP/IP. Mitandao yote ikianza kuongea IP, kazi kubwa yenye kubaki ni kuchagua njia, na jina likafuata. Hati RFC 1009 ya 1987 inatoa masharti ya getiwei. RFC 1812 ya 1995, kwa kazi ileile, inasema ruta. Getiwei likaachiwa mashine zenye kutafsiri, kama zile za kupitisha simu ya kawaida kwenda kwenye intaneti.

Lakini jina la zamani halikutoka kabisa. Ndani ya BGP, itifaki ya ruta kubwa za dunia, herufi G ni getiwei. Na ukifungua ku simu yako mipangilio ya Wi-Fi, pale wameandika paserele, ile anwani ni ya ruta ya nyumbani.