Kanzu, Tasbihi na Njia ya Tabora

Msafiri atokaye Tabora kwenda kusini hupita Sikonge, kisha hufika Ipole, na hapo njia hugawanyika. Mkono mmoja huelekea Rungwa na nchi ya Chunya. Mkono wa pili huvuka Koga ukaenda Mpanda, na kutoka Mpanda mtu aweza kuteremka mpaka Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Ipole ni nchi ya Wamoraviani, ambao mwaka 1898 waliipokea misheni ya Urambo kutoka kwa Shirika la London, kisha wakaeneza vituo vyao Sikonge, Kitunda na hapo Ipole. Karema ni kituo cha Wakatoliki tangu mwaka 1885. Na huko njia inakoanzia, kaskazini, upo mji wa Tabora, ambao watemi wa Unyanyembe na wafanyabiashara Waislamu wa pwani na Arabuni walikwisha kuufanya kitovu cha biashara kabla ya padre au mchungaji yeyote kupiga hema lake hapo. Hivyo katika njia hii moja wamekutana majirani watatu, na ujirani wa watu watatu, kama tujuavyo, una matatizo ambayo ujirani wa wawili hauna.

Vitabu vya shule hutueleza habari za Wakristo kushindana na Waislamu, tena hutueleza jinsi Wakatoliki na Waprotestanti walivyogombana wao kwa wao. Lakini upo ugomvi wa tatu usiofundishwa sana, nao ni ule wa Wakristo juu ya urafiki wa viongozi wa Katoliki na Waislamu. Je, kiongozi wa Kanisa akila na Mwislamu, akimsifu na kumwita ndugu, ametimiza imani yake au ameilegeza? Swali hili limeulizwa katika Roma na Paris, nasi twaweza kulitazama vizuri kutoka njia ya Tabora, kwa sababu hapa liliulizwa wakati urafiki huo ulikuwa na gharama.

Msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadre Weupe, uliondoka Bagamoyo Juni 1878. Padre Pascal alifia njiani mwezi wa Agosti. Wenzake walipofika Tabora waligawanyika: wengine wakashika njia ya Nyanza na Buganda, wengine njia ya Ujiji. Walivaa kanzu nyeupe, joho jeupe, kofia nyekundu, na tasbihi shingoni. Vazi hilo halikubuniwa kwa ajili ya Wanyamwezi. Lilibuniwa Algiers, ambako Askofu Mkuu Charles Lavigerie aliunda shirika lake mwaka 1868 akiwa na Waarabu wa Algeria machoni pake. Aliwaagiza mapadre wake waseme lugha ya watu, wale chakula chao na wavae mavazi yao. Tena huko Algeria aliwakataza kuwahubiria Waislamu moja kwa moja. Watibu, wafundishe, wapendwe, wangoje. Basi mapadre hao wakaingia katika mji wa Waislamu wa bara la Afrika wakiwa tayari wamevaa kama Waislamu, na wakiwa wamefunzwa kutobishana nao.

Lakini hata kama wangevaa suruali na koti, wasingeweza kuishi Tabora bila ya Waarabu. Nyumba ya kukaa, barua ya kupeleka Unguja, nguo na shanga za kulipia hongo, habari za njia iliyofungwa na vita, mambo haya yote yalipita mikononi mwa matajiri wale au mwa mtemi wa Unyanyembe. Jambo hili halikuwapata Wakatoliki peke yao. Edward Hore wa Shirika la London alikaa Ujiji tangu mwaka 1878, na baada ya mashaka ya mwanzo akaelewana na matajiri wa pale. David Livingstone mwenyewe, aliyeichukia biashara ya watumwa kuliko wasafiri wengi, aliuguzwa na Muhammad Bogharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Na alipofariki mwaka 1873, wapagazi wake, Wakristo kwa Waislamu, waliuchukua mwili wake mpaka pwani. Walipita Unyanyembe mwezi wa Oktoba; Februari 1874 wakafika Bagamoyo, na huko Mapadre wa Roho Mtakatifu wakaulaza kanisani mwao. Mchungaji wa Kiprotestanti, aliyebebwa na watu akina Susi, Mwislamu, akapokelewa na Wakatoliki! Sijui picha nyingine iliyo bora kuliko hii ya kuonyesha jinsi njia ile ilivyowalazimisha watu kusaidiana.

Hata hivyo lawama zilikuwako. Huko Buganda, Alexander Mackay, fundi na mmisionari wa Shirika la CMS, alikuwa mtu wa kubishana waziwazi na Waarabu mbele ya Kabaka Mutesa. Padre Siméon Lourdel alipofika mwaka 1879, ugomvi wa kwanza mkubwa haukuwa wake na Waislamu. Juni mwaka ule, wakati Mackay alipoongoza ibada barazani, Lourdel alikataa kupiga magoti, na Kabaka akashangaa kuona wazungu wana dini zaidi ya moja. Mtu aliyezoea njia ya Mackay, ya kusema na kujibiwa papo hapo, ataona ukimya wa mapadre wa Tabora kuwa ni woga, au hila ya kutafuta upendeleo. Na aliyezoea njia ya Lavigerie ataona mabishano ya Mackay kuwa ni kelele zisizomwongoa mtu. Kwa maoni yangu nusu ya lawama hizi ilikuwa wivu wa mashirika yaliyogombea mlango mmoja. Nusu ya pili ilikuwa na ukweli, lakini waliolaumu waliuelekeza pasipo mahali pake. Waliitazama kanzu na salamu, na huku mtumwa amekaa pale pale ukumbini akitandika mkeka.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Rafiki wa mapadre katika Tabora alikuwa mwenye watumwa. Mwaka 1881 mapadre walianzisha misheni yao katika Unyanyembe, na Kipalapala wakaweka makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Kukomboa maana yake kulikuwa kununua. Padre alitoa bei, mwuzaji akapokea, mtoto akaenda Kipalapala. Na mwuzaji, akiwa na fedha mkononi, hakuzuiwa na mtu kwenda kutafuta mwingine. Ilikuwa huruma ya kweli kwa mtoto yule, na ilikuwa biashara ya kweli kwa yule aliyemleta. Kumwambia tajiri katika baraza lake kuwa kazi yake ni dhambi kungefunga soko, njia na barua kwa siku moja. Mapadre wakanyamaza, wakanunua, wakalea. Livingstone naye alikaa katika hali hiyo ya kutegemea wale aliowapinga mpaka Julai 1871, alipoona watu wakipigwa risasi sokoni Nyangwe. Ndipo akawaacha matajiri wale akarudi Ujiji.

Ukimya huu wa Kikatoliki ulivunjwa, na aliyeuvunja ni Lavigerie mwenyewe, ambaye sasa alikuwa Kadinali. Mwaka 1888 alizunguka Ulaya akihubiri vita dhidi ya utumwa. Julai alisema Paris, na tarehe 31 mwezi huo London, ambako Waprotestanti wengi walimpigia makofi. Lakini katika hotuba zake utumwa na Uislamu vilikaribiana mno, hata msikilizaji wa Ulaya aliweza kuvidhani kuwa kitu kimoja. Tena magharibi ya Ziwa Tanganyika Kapteni Léopold Joubert, aliyewahi kuwa askari wa Papa, alikuwa amekwisha kuwashikia silaha wateka watumwa. Yaani shirika lile lile lilikuwa na mapadre wenye tasbihi Tabora na kapteni mwenye bunduki ng'ambo ya ziwa. Anayesema kuwa Wakatoliki walikuwa na siasa moja kuhusu Waislamu, na atuambie ni ipi kati ya hizi.

Mwaka ule ule pwani iliwaka. Abushiri bin Salim aliwaongoza watu wa Pangani na sehemu nyingine kupigana na Kampuni ya Wajerumani. Januari 1889 misheni ya Wabenediktini wa Kijerumani huko Pugu ilishambuliwa, watatu wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Mwezi huo huo Arthur Brooks wa CMS aliuawa karibu na Saadani. Lakini misheni ya Bagamoyo haikuguswa. Padre Étienne Baur wa Shirika la Roho Mtakatifu, Mfaransa aliyekuwa amekaa pwani miaka mingi, alijulikana kwa Abushiri. Aliweza kuzungumza naye, na uwanja wa misheni ukawa kimbilio la maelfu ya watu wa mji, wa dini zote. Mateka wa Pugu walikombolewa kwa upatanishi wa mapadre hao wa Bagamoyo.

Hapa yafaa mwalimu asimame kidogo na darasa lake. Mbele ya Mjerumani aliyekuwa akipigana, Baur alikuwa anakaa na adui. Mbele ya familia za mateka alikuwa ndiye mlango pekee uliobaki wazi. Urafiki ule haukutengenezwa siku ya vita. Ulikuwa ni wa miaka ishirini ya kusalimiana, kutibu na kununua samaki. Lakini hauwezi kufutia macho jambo lingine, kwamba miongoni mwa waliopigana upande wa Abushiri walikuwamo watu waliotaka kuendelea na biashara ya watumwa, ingawa wengi walipigania nchi yao. Huko Tabora hapakuwa na Baur wa kuwasemea. Mwaka 1889 mapadre waliiacha Kipalapala kwa kukosa usalama. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo. Utumwa wenyewe haukufutwa na Wajerumani. Hali ya utumwa iliondolewa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Baada ya vita ugomvi ulihamia katika lugha, nami kama mtunzi wa mashairi nalipenda sana tawi hili la habari yetu. Kulikuwa na wamisionari walioona Kiswahili kuwa ni mlango wa Uislamu kuingia bara. Karl Roehl, mchungaji Mjerumani, alipotoa Agano Jipya mwaka 1930, na Biblia nzima mwaka 1937, alijitahidi kuondoa maneno mengi yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake. Wamoraviani wa Unyamwezi walishika sana Kinyamwezi. Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, kwa upande wake, alikusanya maneno ya pwani bila ya kuyauliza dini yake, na kamusi yake kubwa ikachapishwa Paris kati ya 1939 na 1941. Ni nani aliyeshinda? Sikiliza Mkristo wa Ipole au wa Karema akiomba siku ya Jumapili: sala, dhambi, toba, neema, malaika, sadaka. Maneno yote hayo yamepita katika nyumba ya Mwislamu kabla ya kufika kanisani, kama vile shairi, ubeti na mizani zilivyopita huko kabla ya kunifikia mimi. Gazeti la Kiongozi, lililoanzishwa Tabora mwaka 1950 na Wakatoliki, liliandikwa kwa Kiswahili hicho hicho.

Kisha ukaja Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Askofu Mkuu Marko Mihayo wa Tabora alikuwa mmoja wa maaskofu wake. Tarehe 28 Oktoba 1965 Papa Paulo VI alitangaza hati ya Nostra Aetate, inayosema kuwa Kanisa linawaheshimu Waislamu, na kuwahimiza wote waweke kando magomvi ya kale na kutafuta kuelewana. Kumbe wapinzani wakali walikuwa ndani ya nyumba. Askofu Mkuu Marcel Lefebvre, ambaye wakati ule alikuwa mkuu wa Shirika la Roho Mtakatifu, shirika la Padre Baur, akawa kiongozi wa wale waliokataa mwelekeo huo. Papa Yohane Paulo II alipowaita viongozi wa dini mbalimbali kusali Assisi mwaka 1986, Lefebvre alilaani jambo hilo. Mwaka 1988 akawaweka wakfu maaskofu wanne bila ya idhini ya Papa, akatengwa na Kanisa. Mwaka 1999 Papa huyo huyo alibusu Kurani aliyoletewa zawadi, na Waprotestanti wengi wakaungana na Wakatoliki wa msimamo wa kale kumlaumu. Lawama kama hizo zilisikika tena Februari 2019, Papa Fransisko alipotia sahihi hati ya udugu pamoja na Sheikh Ahmed al-Tayeb wa Al-Azhar huko Abu Dhabi. Oktoba mwaka huo alimfanya Kadinali Michael Fitzgerald, Padre Mweupe aliyewahi kufundisha Makerere na kuongoza ofisi ya Vatikano ya mazungumzo na dini nyingine.

Nikisoma lawama hizi za siku za karibu naona zinafanana mno na zile za zamani. Zinauliza Papa alibusu nini, alikaa na nani, alivaa nini. Hazielekei kuuliza kama katika mazungumzo hayo yupo mtu asiyezungumziwa.

Mwaka 1889, Kipalapala ilipokuwa ikiachwa, aliwasili Karema mganga kijana jina lake Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mapadre Weupe wakamnunua, wakamsomesha uganga Malta. Alikaa Karema akitibu wagonjwa mpaka alipofariki mwaka 1956, miaka 67. Habari za maisha yake, alizozieleza mwenyewe, zilichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mwalimu atakayetaka kulifundisha somo hili afadhali aanze na habari hizo, kabla ya hotuba za makadinali.