Shule za Misheni Chini ya Manga

Ukisimama kwenye genge la Manga, magharibi mwa Kenya, mji wa Kisii uko bondeni mbele yako. Karibu na mji huo, mahali paitwapo Nyabururu, mapadri wa shirika la Mill Hill walifungua misheni ya Kikatoliki mwaka 1911. Waliokuja kubatizwa waliitwa wasomaji, kwani kusoma na katekisimu vilikwenda pamoja.

Septemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani na Waingereza walipigana Kisii, na katika vurugu zile wenyeji, Wagusii, wakaipora misheni. Uporaji huo haukuwa chuki dhidi ya elimu. Wagusii walikuwa bado na uchungu wa misafara ya kijeshi ya Waingereza ya 1905 na 1908, iliyochoma nyumba na kuswaga ng’ombe wao. Mapadri walirudi, na madarasa yakajaa tena.

Baadaye, huko Mosocho, pia karibu na mji wa Kisii, mabruda wa Tilburg kutoka Uholanzi walianzisha shule ya sekondari mwaka 1961. Leo inaitwa Cardinal Otunga, kwa heshima ya Maurice Otunga, askofu wa kwanza wa Kisii.

Sheria ya Elimu ya 1968 ilizifanya shule za misheni kuwa za umma. Kanisa lilibaki mfadhili. Walimu wakaajiriwa na serikali.